Namba Nane Wawili

Siku ya mazishi ya Katibu, kabla jeneza halijatoka uani, timu mbili zilianza kubishana ni ipi itangulie kwenye msafara. Timu ya Juu walisema ni wao, kwa kuwa marehemu alizaliwa mtaani kwao. Timu ya Sokoni wakasema ni wao, kwa kuwa ndio mabingwa wa mwaka ule. Sauti zikapanda. Mwenyekiti wa chama, mzee wa watu, akanyanyua fimbo aseme neno, hakuna aliyemsikia. Ndipo mtu mmoja katikati ya umati akapaza sauti kwa hasira:

"Jamani, si mumuulize Katibu!"

 Watu wote wakageuka kulitazama jeneza. Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Wa pili akafuata, na wafiwa nao, machozi yakiwa bado mashavuni, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mungu amrehemu. Hata akiwa ndani ya sanduku alikuwa bado ndiye mwenye jibu. Mwishowe walitembea wawili wawili, mchezaji mmoja wa huku kando ya mmoja wa kule, kama timu zinavyoingia uwanjani. Kila mtu alijua kwamba hivyo ndivyo yeye mwenyewe angeamua, ila angeanza kwa kuwakagua viatu.

Kwa riziki yake alikuwa fundi cherehani. Kwa wito alikuwa katibu wa chama cha soka cha wilaya, kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili bila mtu mwingine kuitamani. Kazi zote mbili alizifanya ndani ya chumba kimoja kilichotazama barabara. Upande wa kulia kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na nguo za watu zikining'inia kwenye misumari. Upande wa kushoto kulikuwa na kabati la bati, faili, kijaluba cha wino na mhuri. Katikati alichora mstari wa chaki sakafuni, na kila Jumatatu aliupaka upya.

Mteja akija na suruali ya kupunguzwa, halafu katikati ya kupimwa akauliza, "Hivi Jumamosi nani anacheza na nani?", Katibu hakujibu. Alimaliza kupima, akaandika inchi zake, akavua utepe shingoni, akavaa miwani, akavuka chaki, akakaa.

"Vuka," alimwambia mteja. "Hilo ni la ofisi."

"Lakini Katibu, si uko hapo hapo?"

"Aliyekuwa hapo ni fundi. Vuka."

Mkewe alizoea. Aliwaambia majirani kwamba yeye ameolewa na wanaume wawili kwa mpigo, na wote wawili hawasikii wakiitwa kula.

Watu wa sasa wanaona mpira una ratiba, una refa, una kadi, wanadhani vitu hivi viliota vyenyewe kama majani. Kabla ya chama kushika usukani, kila timu pale wilayani ilikuwa na mpira wake na refa wake. Wageni wakija, refa wa wenyeji ndiye anayepuliza, na mchezo haukwisha mpaka wenyeji waongoze. Kuna mechi moja ilichezwa dakika mia na sitini, wachezaji wa pande zote mbili wakamwomba refa kwa magoti aimalize. Hata chama kilipoanza, kwenye mashindano ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, beki mmoja alitolewa na Katibu kwa sababu mkewe alikuja mapumziko kumletea mtoto ambebe. Beki akalalamika kwamba yule ni mdogo wake. Mtoto akamwita baba.

Ni Katibu aliyekaa na kuandika kanuni. Ziko arobaini na moja, zimepigwa chapa kwenye karatasi nyembamba na kufungwa kwa uzi wa kushonea. Alizijua kwa moyo. Aliwaandikisha wachezaji mmoja mmoja na leseni zao zenye picha, akapanga marefa ili asitoke hata mmoja mtaa wa timu inayocheza. Kila mechi kubwa yeye mwenyewe alikaa kwenye meza ya ofisa kando ya mstari, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Hakucheza mpira hata siku moja maishani. Alikuwa na miguu bapa na aliogopa kupigwa usoni. Aliupenda mpira jinsi mtu anavyompenda mgonjwa anayehitaji kuangaliwa.

Jambo la namba nane lilitokea mwaka wa kumi na tano wa ukatibu wake, zama zile ambazo ukitaka picha unakwenda studio na kuvaa nguo ya kuazima.

Mwaka ule Timu ya Juu ilifika fainali ya wilaya kwa mara ya kwanza. Mshindi angepanda kwenda kucheza ligi ya mkoa. Na mwenyekiti wa Timu ya Juu alikuwa dada yake Katibu, mkubwa wake kwa miaka tisa, ambaye mama yao alipofariki alimbeba mgongoni, akamfundisha kusali, akamfundisha kushona kifungo. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuwa na Katibu, na alikuwa na timu. Katibu akimwita Dada, mtaa mzima nao walimwita Dada, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwa miaka kumi na moja timu yake ilikuwa ikitolewa mapema, na kila mara alikuwa wa kwanza kuwapa mkono washindi na wa mwisho kutoka uwanjani.

Alikuja dukani wiki mbili kabla ya fainali na gora la kitambaa cha kijani.

"Nataka jezi kumi na sita. Namba nyeupe mgongoni. Na ziwe za heshima, tusionekane kama wauza mkaa."

"Zitakuwa tayari Alhamisi, Dada."

"Nakuagiza wewe fundi. Huyo mwenzako wa upande ule simtaki. Ana maneno mengi."

Katibu alikuwa na namna yake ya kukata namba. Alikunja kitambaa cheupe mara mbili na kukata mara moja, kwa hiyo kila namba ilitoka pacha, moja ya mgongoni na moja ya kaptula. Aliyapanga mapacha yale mezani kwa mfuatano, akavuta moja moja na kushona. Lakini Dada alikuwa ameleta kitambaa cha jezi tu, bila kaptula, na mkono wa Katibu, uliozoea kukunja, ulikunja tu. Zikabaki namba za ziada mezani. Siku ya Jumatano, akiwa ameshashona jezi kumi, mteja akaingia na gauni la harusi lililobana makwapani. Katibu akasimama, akapima, akarudi, akavuta namba iliyokuwa juu, akaishona. Ilikuwa nane ya ziada. Kumi na moja ikabaki chini ya mkasi.

Alhamisi Dada alizichukua jezi, akazihesabu, zikatimia kumi na sita.

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa ndani ya mstari wa kona. Kwa mujibu wa kanuni, Katibu alizikagua timu zote mbili kabla ya mchezo. Aliita jina, akatazama leseni, akatazama uso, akasema "geuka", akatazama namba, akaweka alama ya vyema. Timu ya Sokoni aliwakagua kwa dakika ishirini, akamrudisha mmoja kukata kucha. Timu ya Juu nayo ilikwenda vizuri hadi kwa mchezaji wa mwisho, kijana wa akiba, kinyozi kwa kazi, aliyefika mbio huku amevaa koti. Alikuwa amemwacha mteja kibandani amenyolewa nusu kichwa.

"Vua koti, geuka."

"Katibu, nitavua sasa hivi, zipu imekwama."

Refa alikuwa ameshatazama saa. Katibu akaangalia orodha yake: kinyozi, namba kumi na moja. Moyoni akajiambia, jezi hizi nimezishona kwa mkono wangu, nitakosaje kuzijua? Akaweka vyema. Katika miaka kumi na tano ilikuwa alama ya kwanza kuiweka bila kuona.

Kipindi cha kwanza namba nane wa Timu ya Juu, mchomeleaji mageti, alimkwatua mtu akapewa kadi ya njano. Refa, ambaye siku za kazi alikuwa seremala na kila kitu alikiandika kwa penseli ya mbao iliyokaa sikioni, aliandika kwenye kidaftari: nane, njano. Kipindi cha pili kinyozi aliingia. Dakika ya themanini akafunga. Lilikuwa goli la tumbo, mpira ulimgonga ukaingia, lakini alilishangilia kama vile alikuwa amelipanga tangu utotoni. Akavua jezi, akaizungusha juu ya kichwa, akakimbia hadi kibanda chake kilichokuwa nyuma ya goli ili mteja wake wa nusu kichwa naye amwone.

Refa akamfuata na kadi ya njano. Akaichukua jezi kutoka mkononi mwake, akaikunjua asome namba. Nane. Akafungua kidaftari. Nane, njano. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatoa kadi nyekundu.

"Nimefanya nini?" kinyozi akapiga kelele. "Nimeingia sasa hivi, hata jasho sijatoa!"

"Umeshapewa kadi kipindi cha kwanza."

"Kipindi cha kwanza nilikuwa nimekaa nakula muwa!"

Mchomeleaji akasogea kwa uungwana. "Refa, samahani. Mwenye kadi ile ni mimi. Namba nane ni mimi."

Akageuka aonyeshe mgongo. Kinyozi naye akavaa jezi, akageuka. Wakasimama bega kwa bega, nane na nane, kama macho ya miwani. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Katibu, kwenye meza ya ofisa. Kutoka hatua arobaini aliitambua mishono yake mwenyewe.

Refa alizitazama leseni, akaifuta nyekundu kwa kifutio, mchezo ukaisha moja bila. Kabla watu hawajambeba Dada juu, Mwenye Bucha, meneja wa Timu ya Sokoni, alikuwa ameshafika mezani.

"Bwana Katibu, nakata rufaa. Kanuni ya kumi na saba. Unaijua?"

Aliijua. *Timu itakayochezesha wachezaji wawili wenye namba moja itapoteza mchezo.* Aliitunga yeye, baada ya mwaka ambao timu moja iliingia uwanjani ikiwa na namba kumi wanne kwa sababu wote walikataa namba nyingine.

"Naijua," alisema. "Lete kwa maandishi, nakala tatu, kabla ya saa kumi kesho."

Kesho yake asubuhi Mwenye Bucha alileta nakala tatu, zina harufu ya nyama, na Katibu akazigonga mhuri. Mchana akaja Dada. Hakuvuka chaki. Alisimama upande wa fundi na kutoa ndani ya mfuko jezi ya kinyozi, bado ina vumbi la uwanja, akaitandaza mezani.

"Fumua," alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo Katibu hakuijua kama dada yake anayo. "Tia kumi na moja. Kazi ya dakika kumi. Kamati wakiuliza, jezi hii hapa. Kila mtu aliona kwa mbali, na jua lilikuwa kali."

"Dada..."

"Sikukwambia udanganye. Nimekuletea nguo yenye makosa, fundi arekebishe makosa yake. Mteja ana haki hiyo au hana?"

Alikuwa nayo. Hilo ndilo lililomtesa. Katibu akachukua wembe wa kufumulia, akaigeuza jezi, akauweka wembe kwenye uzi wa kwanza.  Aliwaza miaka kumi na moja ya kuwapa mkono washindi. Aliwaza mgongo ule uliombeba. Kisha akaona faili la rufaa upande wa pili wa chaki, mhuri wake bado mbichi. Akaweka wembe chini. Akaikunja jezi vizuri, akavua utepe, akavaa miwani, akavuka, akaitia ndani ya bahasha kubwa na kuigonga mhuri: IMEPOKELEWA.

Dada akatumbua macho. "Umenigongea mhuri?"

"Ni kielelezo, Dada. Kimeshaingia ofisini."

"Mimi nilikubeba mgongoni, wewe mtoto."

"Ulinibeba. Na ulinifundisha kusali. Sasa nitasali niseme nini?"

 Dada alichukua mfuko wake mtupu, akatoka.

Tangu siku hiyo hakusema naye. Alikuja nyumbani kama kawaida, kwa sababu alimpenda wifi yake, akakaa kwenye kiti kilekile, na Katibu akiwa mbele yake hatua mbili, alisema: "Wifi, mwambie mumeo anisogezee maji."

"Wifi, si huyo hapo anakusikia?"

"Mwambie."

"Baba, sogeza maji."

Katibu alisogeza. "Mwambie karibu," alisema.

"Mwambie ahsante," alisema Dada.

Kufikia siku ya tatu mkewe aliwatangazia wote wawili kwamba sauti inamkauka, na kwamba kama wanataka mkalimani wamtafute mwingine.

Wiki ile Katibu aliandaa kikao cha kamati kwa utaratibu wote. Aliandika barua za wito: kwa refa, kwa Mwenye Bucha, kwa mwenyekiti wa Timu ya Juu. Ya nne ilimsumbua. Kanuni zilitaka shahidi yeyote aitwe kwa maandishi, na fundi aliyeshona jezi alikuwa shahidi mkuu. Akaandika: *Kwa Fundi. Unatakiwa kufika bila kukosa.* Akaigonga mhuri, akaiandika kwenye daftari la kupeleka barua, akasimama, akavuka chaki, akaipokea, akatia sahihi ya kupokea. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na bakuli la mboga, alimtazama mwanzo hadi mwisho.

"Utakwenda?" alimuuliza.

"Nimeitwa rasmi," alisema Katibu. "Sina budi."

Kamati ilikutana Jumamosi asubuhi katika darasa la shule ya msingi, wajumbe wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wa chama alikuwa mwalimu mstaafu, na mbele ya ubao ule alisahau kabisa kustaafu. Alianza kwa kuwaamuru wanyamaze, kisha akamkuta Mwenye Bucha akitafuna kitu, akamwambia akateme nje.

"Nani alishona jezi hizi?" aliuliza.

"Fundi," alijibu Katibu, akiwa anaandika kumbukumbu.

"Na nani alizikagua kabla ya mchezo?"

"Katibu."

"Wapo?"

"Wapo, Mwalimu."

"Waingie mmoja mmoja."

Katibu akaweka kalamu chini, akainuka, akaenda kusimama mbele. Akaeleza namna anavyokunja kitambaa mara mbili. Akaeleza gauni la harusi. Akaitoa kumi na moja iliyobaki chini ya mkasi, akaiweka juu ya meza, nyeupe, safi, haijaguswa na sindano. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mwalimu akamwambia anaweza kukaa. Hakukaa.

"Bado Katibu," alisema. Akasogea hatua moja kushoto. "Mimi ndiye niliyekagua. Mchezaji alikuwa na koti. Niliweka vyema bila kuona namba, kwa kuwa nilimwamini fundi."

"Fundi yupi?" akauliza Mwalimu, aliyeanza kupotea.

"Huyu aliyeondoka sasa hivi."

Wajumbe wakainama chini ya madawati, mabega yanawatikisika. Refa alijifuta machozi kwa shavu la mkono. Dada alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, anatazama dirisha.

Mwenye Bucha akasimama. "Mwenyekiti, fundi amekiri, Katibu amekiri, mimi sina la kuongeza. Kanuni ya kumi na saba iko wazi. Ushindi ni wetu."

Mwalimu akafungua kitabu cha kanuni, akasoma ya kumi na saba kwa sauti, akafunga. Kisha akamgeukia Katibu kama alivyomgeukia kwa miaka yote. "Kuna kanuni nyingine inayohusika?"

Ilikuwepo. Katibu alikuwa hajalala vizuri siku tano kwa sababu yake. Kanuni ya tisa ilisema kwamba jezi zikishakaguliwa na ofisa wa chama na kupitishwa, kosa la jezi si la timu tena, ni la chama, na mchezo utarudiwa. Akiitaja, Timu ya Juu itapona, na kila mtu atasema ameikoa timu ya dada yake. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu, maana Mwalimu hakuwahi kuvuka ukurasa wa tano wa kile kitabu. Watu watasema, huyu ni mtu wa haki, amemkata dada yake mwenyewe. Jina litakuwa kubwa. Na litakuwa jina la uongo.

"Bwana Katibu?" akasema Mwalimu.

"Iko," alisema. "Ya tisa." Akaisoma.

"Aah!" Mwenye Bucha akapiga dawati. "Nilijua! Damu nzito! Jamani mnaona? Kanuni imeota mguu sasa hivi!"

"Imeandikwa miaka kumi na tatu iliyopita. Kuna nakala kwenye faili lako, Bwana Bucha. Ulitia sahihi."

"Kwa hiyo chama kinakosea, halafu hakuna anayelipa? Mtu anaweka vyema bila kutazama, tunarudia mchezo, yeye anarudi mezani na kalamu zake tatu?"

"Hapana," alisema Katibu. "Sijamaliza kusoma. *Na ofisa aliyepitisha jezi hizo atafungiwa miezi sita, wala hataruhusiwa kukanyaga uwanja.*"

Wajumbe wakatazamana. Hata Mwenye Bucha alikaa. Miezi sita bila Katibu hakuna aliyekuwa ameifikiria, ila Katibu, aliyeiandika.

Mwalimu akakohoa. "Hii... inaweza kusomwa kwa namna nyingine?"

"Haiwezi, Mwalimu. Niliihangaikia sana isiweze."

Wakapiga kura, mikono ikapanda polepole. Mchezo urudiwe. Ofisa afungiwe. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua mahali pa kuandika uamuzi, Katibu alirudi kwenye kiti, akauandika kwa mwandiko wake mzuri, akaugonga mhuri, kisha akasukuma mhuri, wino na daftari hadi mbele ya Mwalimu. Akasimama, akavua kalamu mfukoni moja baada ya nyingine. Akatoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele ulitazama kiwanja cha shule na hakuwa na hakika kama nacho kinahesabika.

Fainali ya marudio ilichezwa wiki mbili baadaye. Duka la Katibu lilikuwa karibu na uwanja kiasi cha kusikia filimbi, na dirisha lake lilionyesha goli moja. Asubuhi ile aliliburuta cherehani likatazama ukuta. Mkewe alijitolea kwenda kumletea habari kila baada ya nusu saa.

"Usiniletee," alisema. "Taarifa za mchezo ni za maofisa."

"Basi nikuletee kama mke."

"Mke wa nani? Wa ofisa aliyefungiwa. Usinitie majaribuni."

Akashona. Kelele zilipanda, mguu ukakanyaga haraka. Kelele zikashuka, mguu ukapunguza. Akashona pindo la pazia lililotakiwa kuwa la mita mbili, akajikuta ameshona na nguo ya mteja aliyefuata: mkono wa shati la watu ulikuwa umeingia humo humo. Hakujua waliopiga kelele ni wa Juu au wa Sokoni. Mara mbili zililipuka kelele kubwa. Mara mbili alifumba macho na kuomba, na kwa kuwa ofisa haruhusiwi kuwa na upande, hata katika sala alimwambia Mungu amalize mwenyewe anavyoona.

Filimbi ya mwisho ikalia. Muda mrefu ukapita. Kisha kivuli kinene kikaziba mlango, na Dada akaingia, kilemba kimeinama upande, akajitupa kwenye benchi la wateja. Hakumwita wifi.

"Tumefungwa mawili," alisema.

Cherehani likasimama. Hakugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti hiyo ikimwelekea yeye tangu siku ile ya bahasha.

"Kwa halali?" aliuuliza ukuta.

"Kwa halali. La pili hata mimi ningepiga makofi, kama si hasira." Akajipepea kwa kona ya kitenge. "Wale walituzidi. Hata ile ya kwanza walituzidi, kinyozi alifunga kwa tumbo tu. Nimewapa mkono wote. Yule Bucha nimemkamua vidole mpaka akainama."

"Dada, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Ningepanda mkoani kwa jezi ya kufumuliwa, ningekuwa namtazama nani usoni? Wewe? Wewe unayekosa usingizi ukikosea kifungo?" Akashusha pumzi. "Ila huyo Mwalimu wako. Amegonga mhuri kwenye karatasi ya mchezo kichwa chini. Amekagua timu ya Sokoni kwa kuwauliza jedwali la saba. Miezi sita hii atatuua. Chama kinahitaji mtu. Nataka kuingia kwenye kamati."

Katibu sasa aligeuka, miwani imeteleza puani. "Huwezi. Mwenyekiti wa timu haruhusiwi kuwa mjumbe wa chama."

"Nani kasema?"

"Kanuni ya nne."

"Basi tukate rufaa."

"Rufaa inapokelewa na Katibu."

"Si ndiye wewe?"

"Nimefungiwa."

"Nani kakufungia?"

Katibu akafikiri. "Mimi."

"Na hiyo ya nne, nani aliiandika?"

 Katibu aliligeukia cherehani, akakanyaga kwa bidii kama mtu mwenye kazi ya haraka. Dada alimtazama mgongo ule mdogo, mwembamba, uliojikunja kama enzi zile alipokuwa akimbeba. Kicheko kikaanzia tumboni, kikampanda, kikamlipuka, sauti ya ng'ambo ya mto imerudi nzima. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mkewe Katibu alikuja mbio kutoka nyuma, mikono ina unga, akidhani kuna msiba. Aliwakuta wifi yake analia kwa kucheka, na mumewe mabega yanamtikisika, bado anakanyaga, sindano inapanda na kushuka kwa kasi, na chini yake hapakuwa na nguo yoyote.